Simba Aliyekanyagwa na Kuku

Sogeeni niwape fumbo la kugawana. Asiyeosha sahani yake akaioshe kwanza, maana hawa ni watu wa kazi, na watu wa kazi hawashindiki kwa maneno.

Nchi ilikuwa changa, bendera yake haijapauka hata upindo. Pembezoni mwa mji waliishi ndugu watatu waliochora kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya mbao nyembamba za dari.

Mchopa, kaka mkubwa, alijaliwa mstari. Akivuta brashi mara moja tu, mnyama anasimama. Simba hakuwahi kumwona, basi sura akaiazima kwa mjomba wao, masharubu na majivuno yote.

Chilumba, kitindamimba, alijaliwa rangi. Alichanganya makopo mawili matatu akatoa anga la kipupwe, mtu akilitazama anatafuta shuka.

Wa katikati alikuwa Somoe, mjane mwenye watoto wanne. Yeye alijaza nukta, moja baada ya nyingine, mkono mmoja kwenye brashi na mwingine kwenye mwiko. Kaka zake kazi hiyo waliiita kumalizia tu. Kila siku, kabla ya nukta ya kwanza, alikuwa ameshapandisha ndoo sita kutoka kisimani.

Siku moja akaja afisa wa utamaduni. Akasema jumba la sanaa la taifa linafunguliwa, na anatafuta picha moja. Mwenye picha hiyo atafundisha katika shule mpya ya uchoraji na kupewa nyumba ya mwalimu, vyumba viwili, yeye na wanawe basi. Angerudi baada ya siku tatu.

"Ina bomba?" Somoe akauliza.

"Jikoni kabisa."

Tangu hapo Somoe hakusikia neno jingine.

Wakatafuta ubao mkubwa. Chilumba akapaka anga, Mchopa akamsimamisha simba. Rangi ile ukiisimamisha mbichi inatiririka, kwa hiyo Chilumba akaulaza ubao uani, akaenda kunywa kahawa. Kuku wa Somoe akapita na vifaranga wake, wakaanzia mkiani, wakatokea puani.

Afisa alikuwa anakuja kesho. Mchopa akakaa juu ya kinu kama aliyefiwa. Chilumba akatafuta kisu. Si cha picha, cha kuku. Somoe akaepua maharage, akachukua brashi. Kila unyayo akautia mbawa, akaujaza nukta, ukawa ndege. Kufikia magharibi simba alikuwa amefunikwa na kundi la ndege wasiomjali hata kidogo.

Kesho yake afisa akaja, akaitazama picha. "Wiki hii nimeona simba ishirini," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza kuonewa na ndege. Namchukua." Akafungua kalamu. "Niandike jina la nani? Fomu ina mstari mmoja."

Mchopa akasema bila simba wake, ndege wangemwonea nani? Chilumba akasema rangi aliichanganya yeye, akaulaza ubao yeye. Angeusimamisha, kuku asingeacha hata ukucha. Akalisema hilo kwa fahari, kana kwamba alipanga.

Somoe aliwaacha wamalize. "Ninyi mmechora picha iliyoharibika," akasema. "Mimi nimechora hii inayochukuliwa."

"Juu ya simba wangu, dada."

"Na kwa rangi yangu."

"Na kwa kuku wangu," Somoe akajibu, akajishika mgongo pale ndoo zinapouma.

Afisa akatazama saa. Wino ulikuwa unakauka kalamuni.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkicheka. Mstari ni mmoja, na bomba ni moja. Ingekuwa kalamu iko mkononi mwako, ungeandika jina la nani?

Na atakayejibu kuku, ndoo ile pale. Akateke maji.