Kofia ya Bi Mize na Transfoma ya Msikiti

Hapo zamani, wala si zamani ile ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, ya umeme kukatika mara tatu kwa siku, palikuwa na mshona kofia mjini Wete, Pemba, akiitwa Bi Mize. Kofia zake zilikuwa za mkono, kila kitobo kimezungushiwa uzi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake.

Siku moja sindano ikamkatikia. Ncha ikaruka, ikamwingia jicho la kulia, ikaganda humo. Dokta Khatib wa zahanati ya mjini akachungulia kwa tochi, akatikisa kichwa.

"Bi Mize, kwa tochi hii siioni vizuri. Nikiitoa kwa kubahatisha nitakupofua. Nikiiacha ikashika kutu, utapofuka vilevile."

"Kumbe kazi yako ni kunichagulia namna ya kupofuka!"

Meli ya kumpeleka hospitali kubwa Unguja ilikuwa mbovu wiki ile. Bi Mize aliogopa, aliogopa kwelikweli. Bila jicho hilo hakuna kitobo, na bila vitobo angebaki bibi wa kukaa barazani kusema watu, kazi ambayo tayari alikuwa akiifanya bure. Akaweka nadhiri mbele ya watu: "Atakayeniokolea jicho langu, kofia hii ninayoishona ni yake. Na ni moja!"

Ndipo Dokta akakumbuka. Katika stoo ya zahanati kulikuwa na mashine ya kupimia macho, mtumba wa Japani, ile ambayo mgonjwa huweka kidevu juu ya kibao na daktari humchungulia kwa taa na lenzi. Aliinunua mwenyewe kutoka kontena la mafriji na baiskeli, siku muuzaji alipokuwa akiinadi kuwa ni mashine ya kukaushia nywele. Akaipangusa vumbi, akaichomeka ukutani.

Pu! Moshi.

Umeme wa Japani ni volti mia moja, wetu ni mia mbili na thelathini. Pemba nzima inajua kwamba friji la Japani halichomekwi bila transfoma ya kupunguza umeme. Hata mbuzi wa Bi Mize anajua. Dokta naye alijua, ila alikuwa na haraka.

Mashine ikapelekwa kwa Makame, fundi redio, ambaye jibu lake kwa kila mteja ni "njoo kesho". Safari hii hakusema kesho. Akaifungua, akanusa. Kisanduku cha umeme kilikuwa kimeungua. Balbu, alhamdulillahi, ilikuwa nzima, na kisiwani hapakuwa na nyingine ya aina ile. Akasoma maandishi yake: volti kumi na mbili. Macho yake yakaenda kwenye rafu, kwenye amplifaya ya msikiti, wiki ya tatu sasa ikingoja waya mmoja tu uungwe. Ndani yake mlikuwa na transfoma inayopokea mia mbili na thelathini na kutoa kumi na mbili. Makame akatazama kushoto, akatazama kulia, akaing'oa. Akaijaribu kwanza kwa balbu ya pikipiki. Ilipowaka bila kupasuka, akaifunga kwenye mashine, akatia fyuzi mpya. Mashine ikawaka.

Kesho yake, adhuhuri inakaribia, Bi Mize akaweka kidevu. Dokta akaiona ncha, akashika kisindano chake, akaanza kuitoa. Mara mlango ukasukumwa, akaingia Maalim Faki, muadhini. Alikuwa ametoka kwa Makame kudai amplifaya, sauti imeshaanza kukauka kwa wiki tatu za kuadhini bila spika, akaikuta tumbo wazi, akaambiwa transfoma iko zahanati.

"Transfoma ya msikiti hiyo! Na wakati wa adhana umeingia!" Akainama, akaishika plagi.

Bi Mize hakuweza hata kutukana, kidevu kilikuwa kibaoni. Kwa jicho la kushoto aliuona ule mkono.

"Maalim," akasema Dokta bila kugeuka, "nimo ndani ya jicho la mtu."

Maalim akaiachia plagi. Akatoka mbio, akapanda juu ya tangi la maji la msikiti, akaadhini kwa koo tupu. Akafanya hivyo siku tisa zaidi, mpaka Makame alipopata transfoma nyingine, na sauti ya Maalim ikabaki mkwaruzo tu. Ncha ilitoka. Jicho likapona.

Siku ya kumi wote watatu wakafika barazani.

"Mashine niliileta mie, ncha niliitoa mie," akasema Dokta. "Kofia yangu."

"Na aliyeiunguza nani?" akasema Makame. "Bila taa yangu ungechungulia giza. Kofia yangu."

"Taa yako?" Maalim akakwaruza. "Uliiba wewe! Mie nilikuwa na plagi mkononi, sikuichomoa."

"Ebo!" akadakia Makame. "Kutofanya kitu nako siku hizi ni kazi?"

"Basi nirudishie sauti yangu!"

Bi Mize akatia uzi kwenye sindano, mara moja tu, bila kupapasa, na machozi yakamtoka kwa furaha. Kofia ilikuwa mapajani, vipande viwili, cha juu na cha ubavuni. Kwake yeye vipande hivyo haviunganishwi mpaka kichwa cha mwenyewe kipimwe, kwa hiyo kofia ya huyu haimkai yule. Akachukua uzi wa kupimia. Vichwa vitatu vikainama mbele yake, kimoja cha haraka, kimoja cha wizi, kimoja cha hasira.

Enyi mnaocheka, uzi ninao mimi msimulizi sasa. Je, tupime kichwa cha nani?