Kamba ya Ndama wa Doa

Sikilizeni, kisha mtuamulie. Sisi huku tumeshindwa.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Rungwe kuna majirani watatu. Ambwene ana macho: humjua ng'ombe mgonjwa kabla hajaacha kula. Gwakisa ana miguu: hakuna mto uliowahi kumrudisha. Lugano ana mikono: hakuna ng'ombe aliyewahi kumpiga teke.

Jirani yao, mjane Mama Tusekile, ana ng'ombe mmoja, Doa, na ndama wake jike.

Asubuhi moja Ambwene alimkuta mjane akikamua.

"Shikamoo, mama. Hebu kamulia hapa kwanza." Akatandaza ncha ya kaniki yake. Maziwa yakaacha mabonge juu ya kitambaa cheusi. "Kiwele kinaumwa. Na hilo tambara unafutia chuchu zote?"

"Ndilo nililo nalo, mwanangu."

Mama Tusekile akaweka kiganja mgongoni mwa Doa, akasema mbele ya majirani waliokuwa wamekusanyika: "Atakayeniokolea huyu, ndama ni wake." Huku kwetu, neno lililosemwa hivyo halirudi. Na ndama wa shukrani hauzwi wala hachinjwi.

Daraja la kwenda kwa bwana mifugo lilikuwa limesombwa na maji. Gwakisa aliogelea, akarudi akimvusha bwana mifugo, sanduku la dawa kichwani.

Bwana mifugo alitia dawa, akaagiza chuchu yenye ugonjwa ikamuliwe mara kwa mara na maziwa yamwagwe. Doa alimpiga teke kila aliyesogea, ila Lugano. Lugano alikamua mpaka uvimbe ukashuka.

Doa alipona. Chuchu moja ikafa.

Walikuja kumchukua ndama, wote watatu.

"Nisingeona, mngekuwa mnachimba shimo," alisema Ambwene.

"Ungeona mpaka macho yakutoke," alijibu Gwakisa. "Dawa ingeogelea yenyewe?"

"Na ikishafika," akauliza Lugano, "ingekamua?"

"Wanangu," alisema mjane, "nilisema mmoja. Sikujua mtakuwa watatu."

Wakaondoka wamenuna. Tangu hapo Ambwene hachungulii bandani, Gwakisa hatumwi, Lugano hakamui. Mjane anakamua mwenyewe, kwa vidole vilivyokakamaa, na tambara lilelile.

Leo asubuhi chuchu ya pili ina joto. Mto umefurika tena. Watatu wamesimama nje ya ua, hawasemezani, kila mmoja akisubiri kuitwa jina. Atakayeitwa ataingia; wawili watarudi kwao. Mama Tusekile yuko mlangoni mwa banda, ameshika kamba ya ndama.

Je, wewe ungemkabidhi nani kamba hiyo?