Kata ya Tatu ya Bi Mwanakombo

Paukwa!
Pakawa!
Palipolimwa?
Pakamea!
Palipomea?
Pakaliwa!
Na aliyekula?
Yumo chini ya jani!

Haya, leo mmeitikia. Jana mliitikia kama watu waliokula ugali bila mboga.

Hapo kale, kinyonga angali na rangi moja, tena ya kuazima, palikuwa na mama. Mama alikuwa na binti, na binti alikuwa na ulimi. Mama akiitwa Mwanakombo, binti akiitwa Siwatu. Nyuma ya jiko lao palikuwa na bustani pana kama mikeka minne: mchicha, bamia, nyanya chungu, na boga. Boga hilo, jamani. Likipikwa kwa nazi, majirani watatu walikumbuka ghafla kuja kuomba chumvi.

Jua la kaskazi lilipowaka, kisima cha karibu kilikauka, maji yakaletwa kwa ndoo kutoka bondeni. Kila alasiri Mwanakombo alishika kata, lile fuu la nazi lenye mpini, akanywesha. Kata ya kwanza, shinani. Kata ya pili, shinani. Kata ya tatu, chwaa, pembeni, karibu na kigae cha mtungi uliovunjika. Siwatu, mtoto wa miaka saba, alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia mama kwamba mkono wake umezeeka kabla ya mwenyewe. Mama naye akacheka, akajibu tu kwamba mkono wa mtu una mambo yake.

Miaka ikaenda kama inavyoenda, bila kuaga. Mwanakombo akafariki. Siwatu, sasa mtu mzima na ulimi ule ule, akarithi kata, bustani, na mbegu za boga zilizofungwa kitambaani juu ya moshi wa jiko. Akazipanda zote. Mvua ikawa haba, ukaota mche mmoja. Mche mmoja, boga moja, changa, kiasi cha ngumi. Likifa hilo, mbegu ya mama imekwisha duniani. Mmelisikia hilo? Msije mkaniuliza baadaye.

Kaskazi ikarudi. Siwatu akanywesha kwa akili. Kata ya kwanza, shinani. Ya pili, shinani. Ya tatu, shinani. Hakudondosha tone, na alihakikisha mtaa mzima unajua.

Siku ya kwanza, kinyonga akahama. Aliondoka asubuhi, adhuhuri alikuwa bado anaaga. Siku ya pili, buibui akakunja nyavu zake. Siku ya tatu, chura akatoka chini ya kigae, ngozi imemkauka kama ganda la muhogo.

"Mwanangu," akasema, "kiu imetushinda. Mama yako alitujua."

"Alikujua yeye. Mimi sikujui. Pita njia."

Chura akapita njia.

Habari zikawafikia viwavi, na viwavi hawangoji kadi ya mwaliko. Siku ya kwanza wakala mchicha. Siku ya pili wakala bamia. Siku ya tatu wakatambaa kwenye mche wa boga, krum, krum, krum, jani baada ya jani. Siwatu akawaokota kwa mkono mpaka kiuno kikagoma. Akawamwagia majivu, wakala majani na majivu. Jirani yake, Bi Rehani, akachungulia juu ya ua, akauliza kama hao anaowafuga atawachinja sikukuu ipi.

Alasiri ile boga lilikuwa limebakiwa na majani mawili. Siwatu akakaa chini, pale pale alipokuwa akikaa kucheka. Na akiwa pale chini, karibu na udongo, akaona kitu. Mbele ya kigae palikuwa na kishimo cha mviringo, laini, kiasi cha bakuli. Kimechimbwa na maji yaliyomwagwa mahali pamoja, miaka na miaka. Akakitazama sana. Mkono unaotetemeka haulengi mahali pamoja. Hata siku mbili.

Hapa hata mimi huwa nakohoa kidogo. Nisameheni.

Akachota. Kata ya kwanza, shinani. Kata ya pili, shinani. Kata ya tatu akaimwaga kishimoni, polepole, kikajaa. Hakuja mtu. Kesho yake akamwaga tena. Hakuja mtu, na jani likabaki moja. Siku ya tatu akamwaga, akangoja. Kigae kikasogea. Chura akatoka, akaingia majini hadi shingoni, akafumba macho.

"Umechelewa leo, Mwanakombo," akasema.

Sasa niambieni nyinyi. Hakumjua, au alimjua akamchezea? Wapo wasemao alikuwa mzee, haoni. Mimi vyura nawajua, na sisemi kitu.

Siwatu alifungua kinywa kumsahihisha. Na ule ulimi mnaujua. Lakini siku hiyo uligeuka wenyewe.

"Niwie radhi," akasema. "Maji yako mbali siku hizi."

Chura akatoka majini, akaanza kazi. Asubuhi buibui akatandaza nyavu. Viwavi wakaliwa wote, pamoja na majivu yao. Boga likakomaa chini ya jani moja, likapikwa kwa nazi, na majirani watatu, Bi Rehani mbele, wakakumbuka chumvi. Mbegu zikafungwa kitambaani juu ya moshi.

Na kinyonga? Yuko njiani, anarudi.

Ngano yangu imeishia kishimoni. Ikiwa tamu, fungeni mbegu zake. Ikiwa chungu, mwachieni chura.