Jiwe la Tajiri wa Nili

Wapendwa, leo nawapeleka Bengali, kule India. Hamhitaji pasipoti, wala hamtapotea kama mimi, niliyepotea katika nchi saba, na mpaka leo mke wangu akinituma sokoni hunichorea ramani.

Palikuwa na Mzungu mmoja wa makamo. Babu wa babu yake alikuwa tajiri wa nili, ile rangi ya buluu, enzi za ukoloni. Kwao Ulaya ukoo ulikuwa na kitabu kinene cha kumsifu. Mama yake alipokuwa akikata roho, alimwapisha: "Nenda ukamsimamishie babu jiwe pale pale kiwandani kwake." Akachongesha marumaru, akasafiri nayo, mpaka akaingia kijijini nayo juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

Wanakijiji wakauzuia mkokoteni. Mama mmoja, mkulima wa mpunga, akasema, "Bwana mgeni, hebu tusomee."

Akasoma: "Hapa alitengeneza nili kwa mikono yake."

Watu wakaangua kicheko. "Mikono ipi? Ya kushikia kikombe cha chai?"

Kisha mama yule akaacha kucheka. "Majani ya nili yalilowekwa kwenye yale mabirika makubwa ya maji pale kiwandani. Babu zetu waliingia humo mpaka kiunoni, wakayapiga maji kwa makasia kutwa nzima, wakatoka wa buluu. Na kwenye mashamba yao mazuri walilazimishwa kupanda nili, watoto wakakosa wali. Sisi tukitwanga mpunga tunawataja, pigo moja jina moja. Kwenye kitabu chenu wamo?"

Hawamo.

Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Urudi na jiwe, uvunje kiapo cha mama? Mimi ningejifanya sijui lugha!

Yule bwana akakaa vumbini. Halafu akainuka. "Dada, mama aliniapisha nisimamishe jiwe. Hakusema upande gani uwatazame watu. Ligeuzeni. Leteni vinu, mtwange mkiwataja, fundi achonge majina yao."

Weee! Vinu vikalia. Haradhani! Jogeni! Bishu! Siku nne patasi haikupumzika. Na wale wale waliouzuia mkokoteni wakalibeba jiwe mabegani, wakalisimamisha kwa vigelegele: majina yao yanatazama mpunga, jina la tajiri linatazama ukuta wa kiwanda. Na mgeni naye wakambeba juu juu kama bwana harusi!

Sisi je? Tunashika maikrofoni hapa: "Nimesoma, nimejenga, nimefika." Amina, umefika. Lakini nani aliingia birikani kwa ajili yako? Dada yako aliyeacha shule ili wewe usome, umewahi kumtaja? Mimi nimehubiri miaka ishirini kabla sijamtaja wa kwangu. Tunaogopa nini? Tukiligeuza jiwe, hatupungui. Tunabebwa!

Haya, simameni wote. Kila mmoja ataje jina moja, na lisiwe lake. Kwa sauti, jirani asikie!