Tangi Moja, Vijiji Vitano

Hadithi iko mlangoni!
*Na iingie!*
Ina machozi!
*Tutayafuta!*

Kwanza Mungu anisamehe. Niliwahi kuona simuni picha kama hizi nitakazowasimulia, nikazipenda, nikazisambaza, nisiulize kitu.

Basi hapo kale, si kale sana, Fisi alikuwa mkuu wa chuo kikuu cha wanyama. Chuo kilikuwa na sera ya kuwasaidia majirani, na Fisi aliiandika mwenyewe: picha ikionekana mtandaoni, msaada umefika.

Mpiga picha wake alikuwa Nguchiro, mdogo wa umbo, mwepesi wa akili. Wakapeleka tangi la maji kijijini kwa Kobe. Utepe, kacha! Picha, pwa! Tangi likapakiwa, ng'urrr, likaenda kwa Ngiri. Utepe, kacha! Picha, pwa! Likapakiwa, ng'urrr. Vijiji vitano, tangi moja, kavu kama kibuyu. Mwisho likatua uani kwa Fisi.

Nguchiro alipiga zote, maana alikuwa anailinda ajira yake. Hata siku moja akapita kwa Bi Kobe, akakuta msiba. Mwanawe, Mashavu, ameuawa na maji machafu ya bwawa aliyokunywa. Nguchiro chakula kikamshinda. Akamwendea Fisi.

"Shikamoo, mheshimiwa. Picha zimepitwa na wakati. Siku hizi wakuu wanaonyeshwa mubashara wakinywa maji ya msaada wao."

"Wanakunywa kiasi gani?"

"Kikombe."

"Kikombe? Hao ni wakuu au vifaranga? Mimi ndoo nzima!"

Tangi likarudishwa kwa Bi Kobe. "Jazeni hayo ya bwawani," Fisi akaamuru, "maji ni maji." Nchi nzima ikitazama, akanywa gubu, gubu, gubu! Tumbo likaitika: nguru, nguru!

"Jamani, maji haya yanaua!" akapiga yowe, akatimua mbio, pruuu, hata leo hajarudi.

Chuo kikaona aibu, kikachimba kisima cha kweli. Nguchiro akakimbilia kwa Bi Kobe.

"Tumemshinda, mama!"

"Ahsante, baba. Ile picha ya hapa uliipiga lini?"

"Masika, mama."

"Masika Mashavu wangu alikuwa akicheza hapo uliposimama."

Nguchiro akaiweka kamera chini, akachukua ndoo, akaenda kumtekea maji.

Hadithi imekwenda zake. Tamu kuleni, chungu niachieni. Na funzo lake ni hili: mdogo amtii mkubwa, na picha ikiwa nzuri, maji yatakuja yenyewe.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba: kesho mpelekee jirani yako ndoo moja ya maji. Usimpige picha.