Simba wa Marumaru wa Bi Zamda

Bi Zamda wa Tanga alikwenda Venisi kununua kumbukumbu. Watu wengine hununua za kutia mfukoni. Yeye alichagua simba wa marumaru, mkubwa kama beberu wa Idi.

"Kiroboto, mbebe," alimwamuru mtumishi wake. "Nataka kitu cha kudumu."

Kiroboto aliyatazama madaraja ya mji ule usiojua gari, yote ya ngazi, akatabasamu.

"Hongera, Bimkubwa. Huyu atatuzika sote. Bimdogo atafurahi kweli!"

"Mke mwenzangu anahusikaje na simba wangu?"

"Si bado mtoto yule? Sisi tutakuwa tumeshasomewa hitima, yeye yuko sebuleni kwako, kamkalia simba mgongoni anakunywa chai, anawaambia wageni, 'Huyu kaniachia marehemu.'"

Bi Zamda aliuachia mkia wa simba kana kwamba umemuunguza.

"Basi kipi hatakirithi?"

"Kinacholiwa, Bimkubwa. Chokoleti, kwa mfano."

Walirudi hotelini Bi Zamda akitafuna mbele. Nyuma, Kiroboto alibeba boksi kwa vidole viwili, na kila walipovuka daraja lilizidi kuwa jepesi, maana naye alikuwa na meno.