Mbwa Mzima Aliyechechemea

Imepokewa kutoka kwa watu wa kale, nami nakifikisha kisa hiki kama nilivyokipata, kwamba katika mji mmoja wa Khurasani, kwenye njia ya misafara, aliishi mja mwema aitwaye Shekhe Jubayri, Mwenyezi Mungu amrehemu. Usiniulize mtaa wala mwaka. Wanaouliza mtaa na mwaka ndio wale wasiotaka kufika kwenye mafunzo.

Shekhe huyu alikuwa akiwauguza wanyama walioumia. Farasi aliyeteguka, mbwa aliyekanyagwa na ngamia, wote aliwapokea bandani kwake. Aliwatandikia mchanga mkavu na juu yake majani laini, akawafunga majeraha kwa vitambaa alivyovikata kwenye vilemba vyake, hata Ijumaa akawa anatoka na kilemba kidogo kuliko kofia. Naye aliweka nadhiri: mnyama akiingia banda hili anachechemea, hatatolewa maadamu anachechemea.

Nadhiri njema. Lakini palikuwa na mbwa mmoja aliyeielewa kuliko wanazuoni.

Mbwa huyu alikanyagwa na ngamia mguu wa mbele. Akafungwa, akalazwa mahali penye jua, akanyweshwa supu ya mifupa, akapona. Ila kila amwonapo Shekhe na bakuli, huchechemea. Tena hakuridhika na bakuli lake mwenyewe. Alitia mdomo katika vyombo vya watu, na aliyeviosha mara saba, mara moja kwa udongo, alikuwa mke wa Shekhe, Bibi Atika.

"Baba Sumaya," akasema siku moja, mikono imejaa udongo, "huyu mgeni wako jana alichechemea mguu wa kushoto. Leo wa kulia."

"Nimeona."

"Umeona, na supu unampa?"

"Nadhiri yangu haikutaja mguu gani."

"Basi kesho atachechemea mkia," akasema Bibi, akarudi kwenye vyombo vyake.

Katika siku hizo akaletwa Shahba, farasi jike wa Liwali Haithamu, amejeruhiwa kano la mguu kwa kurushwa juu ya mfereji. Liwali alikuwa mtu apendaye kuonekana juu ya farasi. Msikitini hakuonekana sana, kwa kuwa alikuwa na ugonjwa wa goti. Goti hilo lilimuuma kila ilipoadhiniwa alfajiri, likapoa jua likichomoza.

Shekhe akaupoza mguu wa Shahba kwa maji ya kisima, asubuhi na jioni. Akafunga shuka pana kwenye boriti za banda, akaipitisha chini ya tumbo lake, ili uzito umpungukie na apumzike kwa raha. Farasi akatulia, akala, manyoya yakang'aa. Lakini kano lilikuwa bado.

Ikaja siku ya kuamkia Idi, na Liwali akatuma habari kwamba anakuja kumchukua farasi wake, ampande kwenda kuswali. Shekhe akahuzunika. Alijua kwamba Shahba akibebeshwa mtu, kano litakatika, na farasi wa namna hiyo mwisho wake ni kisu.

"Mwambie ameingiwa na jini," akasema Bibi Atika. "Liwali anaogopa majini kuliko anavyomwogopa Mola wake."

"Jini hayupo."

"Basi mwambie yuko njiani."

"Nitamwambia kweli, Mama Sumaya."

"Kweli yako safari hii inafanana na uongo kuliko jini langu."

Na hakukosea. Liwali alipoingia uani na askari wake, Shahba alisikia sauti ya bwana wake, akainua shingo, akajinasua katika shuka, akatoka bandani kwa madaha, maana farasi huficha maumivu. Mbwa naye, kuona wageni, akatoka nyuma yake kwa miguu mitatu, akihema.

"Farasi wangu mzima," akasema Liwali. "Mbwa wako ndiye mgonjwa. Nipe farasi."

"Farasi ndiye mgonjwa, bwana Liwali. Mbwa ni mzima."

Liwali akamtazama mbwa. Mbwa akauinua mguu juu zaidi.

"Shekhe, unanidhihaki mbele ya askari wangu? Ikiwa umesema uongo, banda hili nalifunga leo, na wagonjwa wako watalala barabarani."

Bibi Atika akanong'ona, "Jini bado yuko."

Shekhe akakaa chini. "Sina neno jingine, bwana Liwali. Kweli ndiyo hiyo. Nakuomba subira kidogo tu."

Liwali akakaa, apate kumwona akiaibika. Wakangoja, mbwa katikati yao, mguu juu.

Ndipo paka akapita juu ya ukuta na kipande cha nyama ya Idi. Mbwa akasahau maradhi yake. Akaruka birika la maji, akazunguka kisima, akaurukia ukuta, yote kwa miguu minne, mpaka paka akapotea. Akageuka, akawaona watu, akakumbuka. Akarudi akichechemea, tena si mguu aliotoka nao.

Askari mmoja akacheka ndani ya kilemba chake. Shekhe akamshika Liwali mkono, akampeleka kwenye miguu ya Shahba. "Sasa gusa mguu huu. Haya, na huu." Mmoja ulikuwa baridi. Wa pili ulikuwa moto kama jiwe la tanuri, na Shahba akashtuka, akaguna.

"Nusura nimuue," akasema Liwali, na sauti yake imeshuka. "Mwache. Atatoka utakaposema wewe."

Alipofika mlangoni akasimama. "Lakini mlaghai huyu umemjua. Kwa nini humfukuzi?"

"Namwonea haya," akasema Shekhe. "Dunia ikiniita nakwenda mbio. Mola wangu akiniita nachechemea. Naye anajua mguu wangu ni mzima, na riziki yangu hajaikata. Mimi ni nani nimnyime mbwa supu?"

Liwali akaenda zake. Inasemwa kwamba alfajiri ya Idi alikuja msikitini kwa miguu, akaswali safu ya mbele, na goti likakunjika bila lawama. Walipomuuliza akasema, "Limepona. Msiniulize tabibu wangu ni nani."

Shahba alipona, akatoka kwa miguu yake. Mbwa hakupona mpaka kufa kwake, na supu alipewa na Bibi Atika mwenyewe, huku akinung'unika.

Basi nawe, ukisikia adhana na mguu ukakuuma, utazame vizuri ni mguu gani. Anayekutazama hasahau ule wa jana. Mola atuponye sisi tusio wagonjwa.